Mutomboko katika Nyumba ya Wavuvi

Mwishoni mwa mwezi wa Julai barabara ya lami itokayo Mansa kwenda Nchelenge hujaa malori, mabasi madogo na baiskeli zilizobeba watu wawili wawili. Wengi wao wanakwenda mahali pamoja: Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula. Wanakwenda kwenye Mutomboko. Walioandika juu ya sherehe hii wameitazama hasa kama jambo la mfalme na la siasa, na hawakukosea. Mimi nataka kuitazama kama sikukuu ya nyumbani, kwa kuwa dada yangu ameolewa Kashikishi, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, na likizo yetu kubwa ya Lubumbashi huangukia wakati huo huo. Swali langu ni moja: familia huwa inamwambia nini mtoto mdogo inapompeleka kutazama ngoma ya ushindi, ikiwa familia yenyewe inatokana na watu walioshindwa?

Kwanza ngoma yenyewe. Walunda wa Kazembe walitoka magharibi, kwenye dola ya Mwata Yamvo ambayo leo ni nchi ya Kongo, wakafika bonde la Luapula katika karne ya 18. Kutomboka kulikuwa kucheza baada ya vita. Shujaa aliyeshinda alirudi, akacheza mbele ya mfalme, na mfalme naye akacheza. Dola ilikua upesi kwa sababu ilikaa katikati ya njia za biashara ya shaba, chumvi, pembe na watumwa. Mwaka 1798 Mreno Francisco José de Lacerda e Almeida alifika kutoka upande wa Msumbiji akitafuta njia ya kuvuka bara hadi Angola, akafia huko huko. Mwaka 1831 Wareno wengine, Monteiro na Gamitto, walifuata njia hiyo. Livingstone alipofika mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amezuiliwa kwa Kazembe kwa miaka mingi. Nataja hili kwa ajili ya wenzangu wanaodhani kuwa Kiswahili kimefika Luapula juzi na redio. Kilikuwapo sokoni kabla ya mipaka.

Mipaka ilikuja baadaye. Kwa mkataba wa 1894 Waingereza na Mfalme Leopold walikubaliana kugawana kwa mto Luapula, na mwaka 1899 askari wa Waingereza waliuchoma mji wa Kazembe kwa sababu mfalme alikataa kutii. Kwa hiyo ngoma ya ushindi ilibaki na mfalme ambaye hakuwa tena na ruhusa ya kupigana na mtu yeyote.

Mutomboko kama sikukuu ya kila mwaka ni jambo la 1961, mwaka aliotawazwa Mwata Kazembe wa XVII, Paul Kanyembo Lutaba. Zambia ilipata uhuru miaka mitatu baadaye. Yaani sherehe ambayo watu huiita ya tangu mababu, kwa umbo lake la sasa ina umri wa babu mmoja tu. Wapo wanaoona kwamba hilo linaipunguzia thamani. Sioni hivyo. Mfalme asiye na vita alihitaji siku ya kucheza, na watu waliotawanyika kwenye migodi ya pande zote mbili za mpaka walihitaji siku ya kurudi. Mahitaji hayo mawili yalikutana, na hilo ni historia kama vita ilivyo historia.

Katika nyumba ya shemeji yangu kuna sababu nyingine, na hii sijaikuta kwenye kitabu. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Krismasi huwakuta wavuvi bila pesa. Nyavu zimetundikwa, mvua inanyesha, wanaokula vizuri ni wenye mshahara. Julai ni kinyume chake: ni kiangazi, mihogo imekauka vizuri, chisense zimeanikwa mchangani hadi ufuko unang'aa kama fedha. Kwa hiyo nguo mpya ya mtoto hununuliwa Julai. Kuku huchinjwa Julai. Ndugu wa Pweto na wa Kasenga huvuka Julai. Dada yangu, aliyekulia mjini na Krismasi yake, alichukua miaka miwili kuzoea, na sasa ndiye anayehesabu siku kuliko wenyeji.

Lakini shemeji si Mlunda. Watu wake ni Washila, wavuvi waliokuwa wakikaa ziwani kabla Walunda hawajafika, chini ya mkubwa wao Nkuba. Masimulizi ya Luapula husema kwamba Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti, kisha akaifanya ngozi yake kuwa mkeka wa kukalia. Nachituti alipojua, alikwenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Walunda wakamwua Nkuba. Nachituti akampa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon ameeleza katika kitabu chake juu ya Nachituti jinsi simulizi hii ilivyotumika, hadi nyakati za karibu, kujadili nani ana haki juu ya ardhi na nani juu ya maji. Mimi naiona pia kwa upande wa jikoni. Simulizi ya nchi nzima inaanza na mama aliyefiwa na mtoto, na jambo hilo halichezwi uwanjani.

Uwanjani kinachochezwa ni hiki. Kabla ya ngoma Mwata huenda kwenye mto Ng'ona na kuwatolea chakula na kinywaji wazee waliozama mtoni wakati wa safari ya kutoka magharibi. Baadaye huletwa uwanjani, amevaa sketi pana ya vitambaa vingi na taji la shanga, huku ngoma zikimwita kwa majina yake. Wanawake wa ukoo hucheza. Wakubwa hucheza. Mwisho Mwata husimama peke yake na upanga na shoka, hutembea, hugeuka, huinama, na huelekeza upanga pande zote, juu mbinguni na chini ardhini. Wenyeji hueleza kwamba maana yake ni hii: hakuna wa kumshinda ila Mungu aliye juu na udongo utakaomzika.

Mwaka niliokwenda nao, mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka minne. Alikaa mabegani mwa baba yake, akila muwa, na umati ulipotulia aliuliza kwa sauti iliyosikika hadi kwa waliosimama nyuma yetu: «Baba, mfalme anapigana na nani?»

Watu walicheka. Mzee mmoja jirani alijibu haraka kwamba mfalme hapigani na mtu, anacheza tu. Shemeji hakujibu. Bibi yake, mama wa shemeji, ndiye aliyejibu, kwa Kibemba, na dada yangu akanitafsiria: «Alipigana na babu yako, mjukuu wangu. Zamani. Sasa anatuchezea.»

Nimelifikiria neno hilo «anatuchezea» zaidi ya nilivyofikiria kurasa nyingi nilizosoma. Kwa Kiswahili chetu linaweza kuwa na maana mbili, kutufurahisha au kutudhihaki, na nilimuuliza dada yangu kama kwa Kibemba nalo liko hivyo. Alisema Bibi hakuwa na dhihaka. Siku mbili kabla ya sherehe yule mama alikuwa ametoa samaki wakavu wapelekwe Mwansabombwe pamoja na vitu vya wengine, bila kunung'unika, na alipika ubwali, bukari yetu, kwa wageni ishirini. Lakini pia hakukubali mtoto adanganywe kwamba hapakuwa na vita. Kati ya jibu la mzee na jibu la Bibi, la Bibi ndilo la kihistoria. Jibu la mzee lilimlinda mtoto dhidi ya jambo ambalo mtoto mwenyewe alikuwa tayari ameliona: upanga si kijiko.

Wapo wazazi, hata katika familia hiyo, wanaosema mambo ya Nkuba yasubiri mtoto akue. Dada yangu ni mmoja wao, hasa kwa habari ya ule mkeka, na hapo nakubaliana naye. Miaka minne si umri wa kusikia ngozi ya mtu ikikaliwa. Bibi naye hakuitaja. Kesho yake, Kashikishi, mtoto alipokuwa akicheza Mutomboko na mwiko mbele ya mashua zilizopinduliwa, Bibi alimwita akampa kikapu kidogo cha kupepetea na kikombe cha plastiki, akamwambia kwamba ngoma yake imepungukiwa. Aweke mchanga humu na maji humu, kisha ampelekee mfalme. Mtoto akauliza mfalme ni nani, maana yeye ndiye alikuwa mfalme. Bibi akamwambia basi leo awe Nachituti, ambaye alikuwa mama na aliyekuwa na ziwa.

Alibeba vyote viwili hadi kwa binamu yake wa Pweto, mvulana wa miaka sita, aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi akisubiri zamu ya mwiko. Nusu ya maji ilimwagika njiani. Mvulana alipokea mchanga, akaangalia kikombe, akamrudisha ziwani akajaze tena.