Damu, Karatasi na Mali: Vyeo vya Watu katika Nchi ya Kamina

Kila tukusanyikapo, hapa Sanga au mahali pengine po pote, macho yetu hutafuta kwanza jambo moja: nani akae mbele, na nani akae nyuma? Hatuambizani, lakini kila mtu ajua mahali pake. Wataalamu wa maisha ya jamii wameandika vitabu vingi juu ya jambo hilo. Karl Marx, Mjerumani aliyekufa mwaka 1883, alifundisha kwamba matabaka ya watu hutokana na mali: wachache wana viwanda na vyombo vya kazi, wengi wana mikono yao tu. Max Weber, aliyekufa mwaka 1920, akaongeza kwamba mali si yote. Kuna mali, kuna heshima, kuna utawala; navyo haviendi pamoja siku zote. Basi tutazame historia yetu wenyewe, tuyapime maneno hayo.

Cheo cha damu

Wengine hudhani kwamba kabla ya kuja Wazungu watu wote walikuwa sawa. Sivyo. Ufalme wa Waluba ulikuwa na ngazi nyingi. Juu alikaa mulopwe, mfalme mwenye damu ya bulopwe. Damu hiyo, kama wasimuliavyo wazee, ilitoka kwa Ilunga Mbidi Kiluwe na mwanawe Kalala Ilunga. Nkongolo, aliyetawala kabla yao, alikuwa na nguvu nyingi, lakini damu hiyo hakuwa nayo. Chini ya mfalme walikuwako machifu waliomletea kodi ya vitu kama chumvi na chuma. Walikuwako bambudye, watunzaji wa kumbukumbu, waliosoma historia ya ufalme kwa vidole juu ya ubao wa lukasa. Na chini kabisa alikuwako mtumwa.

Katika karne ya 19 ngazi hiyo ikawa kali zaidi. Wafanya biashara ya pembe na watumwa walitoka Angola upande wa magharibi, na wengine pwani ya mashariki. Msiri naye akatawala Bunkeya, akiuza watu na pembe, akinunua bunduki. Mnyonge akawa bidhaa. Tusiwafiche watoto wetu jambo hilo: si dhambi zote zilizokuja kwa meli.

Cheo cha karatasi

Kisha ikaja reli. Kampuni ya BCK iliundwa mwaka 1906. Njia ya chuma ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 ikamalizika kupitia Kamina hata Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Mwaka 1956 njia nyingine ikaunga Kamina na Kabalo. Hivyo Kamina ikawa njia panda, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi.

Mjini mtu hakuulizwa tena, "Wewe ni mwana wa nani?" Aliulizwa, "Kazi yako ni kazi gani?" Karani, fundi, kapita, kibarua wa njia: kila mmoja alikuwa na mshahara wake na nyumba yake. Wazungu walikuwa na mtaa wao, watu weusi mtaa mwingine. Hapo cheo kilikuwa cha kazi, lakini juu ya kazi kilisimama cheo cha rangi, ambacho bidii haikuweza kukivuka.

Baada ya vita kuu ya pili, watu waliosoma wakaanza kuuliza: Tumejifunza, tumebatizwa, twafanya kazi, mbona tungali watoto? Serikali ya Wabelgiji ikajibu kwa karatasi. Mwaka 1948 ikatoa karte ya sifa ya kiraia. Mwenye kuiomba ilimpasa kujua kusoma na kuandika, kuwa na mwenendo mwema, kuacha ndoa ya wake wengi na uchawi. Mwaka 1952 likatoka agizo la cheo kikubwa zaidi, la kuandikishwa chini ya sheria ya kiraia ya Wazungu. Wakaguzi waliingia nyumbani mwa mwombaji, wakatazama jinsi jamaa yake wanavyokaa na kula. Fikirini, ndugu: mama wa nyumba asimama kando, na utu wa mume wake wapimwa kwa meza na uma!

Matunda yake yalikuwa nini? Hadi mwaka 1958, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 13, waliopata karte hawakufika 2,000, na walioandikishwa walizidi 200 kidogo tu. Tena hao wachache hawakupewa mshahara wa Mzungu, wala hawakukaribishwa mezani pake. Walipata heshima ya karatasi bila mali na bila utawala. Walitengwa na ndugu zao upande huu, na upande ule hawakupokelewa. Hapo Weber aliona vema: vitu vile vitatu havikwenda pamoja.

Cheo cha mali

Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulikuja, na karte zile zikakosa maana. Je, vyeo navyo viliisha? La. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yawe mali ya wananchi. Lakini wananchi waliopewa ni wale waliokuwa karibu na wakuu. Duka lilibadili mwenyewe. Mnunuzi maskini alibaki pale pale mlangoni.

Sisi Wakristu je?

Papa Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni haki ya mfanya kazi, si sadaka. Na hapa kwetu Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933 na kukaa kati ya Waluba wa Kamina, aliandika mwaka 1945 juu ya fikira za Wabantu. Alieleza kwamba kwa wazee wetu uzima ni nguvu, nayo hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kwa hiyo ukubwa ni mzigo: mkubwa asiyemtia mdogo uzima si mkubwa. Mwaka 1953, huko Kolwezi, katika kambi za wafanya kazi wa migodi, Padri huyo alianzisha Jamaa. Humo padri Mzungu na mchimba shaba waliitana baba, na wake zao wafanya kazi waliitwa mama. Hakuna aliyeombwa karte.

Nami naungama. Siku moja ya sikukuu nilimwinua mama mzee katika benchi ya mbele, ili nimweke bwana mmoja aliyefika kwa gari. Mama hakusema neno; alichukua kitambaa chake akaenda kukaa chini, karibu na mlango. Mtume Yakobo alikwisha kuwaonya Wakristu wa kwanza juu ya jambo hilo hilo, nami nililifundisha mara nyingi. Jumapili iliyofuata nilimtafuta, nikamwomba msamaha, nikamrudisha mahali pake.

Damu, karatasi, mali: kila kizazi chajitengenezea kipimo chake. Dominika ijayo, kabla ya Misa kuanza, tazameni mlangoni muone nani amekaa chini. Kisha sogeeni.