Ulinzi wa nakala katika Windows Vista

Ulinzi wa nakala katika Windows Vista ni utaratibu ambao Microsoft iliujenga ndani ya mfumo endeshi wake uliofika madukani tarehe 30 Januari 2007. Ulikusudiwa kuzuia unakili wa filamu za Blu-ray na HD DVD, kwa kuilinda picha tangu inaposomwa kwenye diski hadi inapofika kwenye skrini.

Kero ilianzia kwenye waya. Mtu amenunua diski halali na kompyuta mpya, ila skrini yake, nzima kabisa, ni ya kabla ya HDCP, ulinzi wa picha inayopita kwenye waya kati ya kompyuta na skrini. Kompyuta inaiuliza skrini kitambulisho. Ikikosa jibu, na diski ikidai hivyo, picha ya pikseli 1920 kwa 1080 inashushwa hadi 960 kwa 540, yaani robo ya kile alicholipia. Aliyepakua nakala ya wizi hakuulizwa chochote, kwa sababu faili lake halikuwa na kufuli.

Desemba 2006, Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, alichapisha uchambuzi wa gharama za ulinzi huo, akidai unaongeza ugumu na bei ya vifaa hata kwa wasiotazama filamu. Baadhi ya madai yake yalipingwa. Microsoft ilijibu kwamba masharti ni ya wenye filamu, jibu lisilomsaidia sana mwenye skrini.

Kufuli lenyewe la diski hizo, AACS, halikudumu: Mei 2007 ufunguo wake mmoja, unaoanza na 09 F9, ulisambaa intaneti nzima, ukachapishwa hadi kwenye fulana.