Umri wa Mifupa ya Isimila

Mtu atokaye Iringa kwa barabara ya Mbeya, akiisha kwenda yapata maili 12, hufika Isimila, korongo lenye nguzo za udongo ndefu kama minara. Humo yametapakaa mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Msafiri mmoja aliyaokota mwaka 1951, na katika miaka ya 1957 na 1958 Bwana Clark Howell wa Chicago na wenzake walichimba huko, wakaona na mifupa ya kiboko wa namna isiyokuwapo tena duniani. Lakini watu hao waliishi lini? Hapakuwa na mzee wa kuulizwa, wala maandishi.

Jibu lilitoka katika jambo alilolivumbua Henri Becquerel, Mfaransa, mwaka 1896: kwamba uraniamu hutoa mionzi yenyewe, pasipo jua wala moto. Baadaye ilifahamika kwamba atomu zake huvunjika na kugeuka kitu kingine. Ipi itavunjika leo, hakuna ajuaye. Lakini zikiwa nyingi, nusu yake huvunjika kwa muda usiobadilika. Moto hauuhimizi muda huo, wala baridi ya Njombe haiukawizi. Ni kama ghala lenye madebe 8: muda ukipita hubaki 4, kisha 2, kisha 1.

Iko kaboni yenye mionzi katika makaa na mifupa, nayo hupungua nusu kwa miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000 hivi, haibaki ya kupimika. Kwa Isimila haikufaa, ndipo wakaitazama uraniamu. Mfupa wa mnyama aliye hai hauna uraniamu ila kidogo mno. Ukizikwa, maji ya ardhini huileta ndani. Humo hugeuka polepole kuwa thoriamu, ambayo haiyeyuki majini kwa wepesi. Basi thoriamu iliyomo ilizaliwa humo humo, nayo huonyesha muda uliopita, kama majivu yaonyeshavyo kuni zilizokwisha kuungua.

Mwaka 1972 Howell na wenzake walitangaza hesabu yao: yapata miaka 260,000. Yaweza kukosa kwa makumi ya maelfu, maana maji yakileta uraniamu nyingine baadaye, mfupa huonekana kijana kuliko ulivyo. Najua wako wasomaji watakaostuka. Mimi sioni kwamba kitabu cha Mwanzo kiliandikwa ili kutupa hesabu ya miaka.

Shoka la jiwe lenyewe halikupimwa hivi. Umri wake hujulikana kwa mifupa iliyolala nalo katika tabaka moja. Likitiwa mfukoni na kupelekwa nyumbani liwe ukumbusho, hakuna awezaye tena kulihesabia miaka yake.