Sarafu Zilizolika: Juu ya Kukusanya Fedha za Kale za Rumi kwa Mali Kidogo

Wazee wa bara hili walikuwa na sarafu ndogo ya shaba iliyoitwa hela. Serikali ya Wadachi iliileta katika mwaka wa 1904, na mia zake zilifanya rupia moja. Leo hela ile haipokewi dukani po pote, lakini neno lake halikufa. Mtoto akiomba hela, aomba fedha ya namna yo yote, wala hafahamu kwamba anaitaja sarafu ya Wadachi. Ndivyo lilivyo neno fulusi pia. Sisi tulilipokea kwa Waarabu, nao Waarabu walilitwaa kwa Warumi wa mashariki, waliokuwa na sarafu ya shaba iitwayo follis; na maana ya kwanza ya neno hilo katika Kilatini ni mfuko. Dirhamu ni drachma ya Wayunani. Dinari ya Injili ni denarius ya Rumi. Basi msemaji wa Kiswahili huchukua kinywani mwake sarafu za kale sana, na huzitumia kila siku pasipo kuzijua.

Nia ya maneno haya ni kuonyesha jinsi mwalimu au kasisi mwenye mali kidogo awezavyo kuzishika sarafu hizo mkononi pia, na kwa nini zile zilizolika, ambazo matajiri huzikataa, ndizo zimfaazo zaidi; tena ni kutaja wajibu umpasao mtu azishikapo.

Wengi hudhani ya kuwa fedha za kale ni za wafalme na nyumba za makumbusho tu. Sivyo. Warumi walipiga shaba kwa wingi usiohesabika, na siku za vita na hofu watu walizifukia ardhini katika vyungu, kisha wengine hawakurudi kuzifukua. Kwa sababu hiyo sarafu ndogo za shaba za karne ya nne zimesalia nyingi mno, na zile zilizochakaa huuzwa Ulaya na Marekani kwa dola chache tu. Bei ya sarafu hufuata mambo matatu: madini yake, uzuri wa uso wake, na sifa ya jina lake. Iliyolika haina uzuri wa kuuzia, kwa hiyo hushuka bei.

Lakini tuulize, ni nani aliyeilika? Udongo hula shaba na kuifanya vishimo na kutu, bali usiokuwa na vishimo, ulio laini kama jiwe la mtoni, huo ni uso uliosuguliwa na vidole vya watu. Sarafu iliyo kali chapa yake yamkini ilifichwa upesi baada ya kupigwa, isifanye kazi nyingi. Iliyolika ilipita kwa muuza samaki, kwa askari, kwa mtoza ushuru, kwa mama anunuaye mafuta ya taa yake. Kulika kwake ndiko ushuhuda wake.

Mimi nilifunzwa jambo hili kwa aibu. Zamani kidogo nilinunua kwa mwuzaji wa ng'ambo kisarafu cha shaba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye karatasi iliyosema kwamba ni senti ya mjane, yaani ya namna ile aliyoitaja Marko katika mlango wa 12. Nilikiamini kile kikaratasi. Jumapili moja nikakionyesha kanisani, na baada ya ibada mama mmoja mjane akaomba akishike. Akakishika kitambo, akanirudishia pasipo neno.

Miezi ikapita. Usiku mmoja nilikiweka chini ya taa, mwanga ukija kwa ubavu, nikaona nisichokiona mchana: bawa, kisha mkono, kisha mtu mdogo akokotwaye kwa nywele. Nikatafuta katika vitabu nikakuta kwamba ni sanamu ya Ushindi akimburura mateka, iliyopigwa siku za Kaisari Theodosius na wanawe, karibu na mwisho wa karne ya nne. Na penye nafasi ya upande wa kushoto zilikuwako herufi mbili za kwanza za jina la Kristo kwa Kiyunani, zimefungwa pamoja. Alama ile ya Kristo ndiyo iliyonihakikishia kwamba sarafu ile si ya siku za Kristo. Ilikuwa imechelewa miaka mia tatu na hamsini au zaidi.

Sikuwa na budi kusimama tena mbele ya watu na kusema, Nilikosa. Yule mama akanijia akauliza, "Mwalimu, na hii nayo ilikuwa ya maskini?" Nikajibu kwamba naam, katika siku zake haikuwako sarafu iliyo ndogo kuliko hiyo. Akasema, "Basi umetuonyesha mjane mwingine." Tangu siku ile sijaonyesha sarafu ambayo sikuisoma kwanza mwenyewe.

Kusoma sarafu iliyolika si uganga. Kwataka mizani ndogo, kipimo cha milimita, kioo cha kukuzia, na saburi. Tuanze na zile rahisi kupatikana, za Kaisari Constantinus na wanawe. Tangu mwaka wa 330 hivi, nyumba nyingi za kupigia fedha zilitoa shaba yenye askari wawili wamesimama, na katikati yao bendera mbili za jeshi. Uzito wake ni kama gramu mbili na nusu. Kutoka 335 hivi askari ni walewale, lakini bendera ni moja tu, na uzito umeshuka hata gramu moja na nusu au kuzidi kidogo. Ikumbukwe kwamba Diocletianus, alipotengeneza fedha upya karibu na mwaka wa 294, alitoa shaba ya gramu kumi hivi, yenye fedha kidogo ndani yake. Mwalimu akiziweka tatu hizi mezani, hana haja ya hotuba ndefu juu ya kupungua thamani ya fedha. Wanafunzi watazipima wenyewe na kuona.

Pamoja na hizo zilitoka nyingine mbili zisizo na jina la Kaisari: moja ina kichwa cha mji wa Rumi, na nyuma mbwa mwitu jike akiwanyonyesha watoto pacha, ya pili ina kichwa cha Constantinople, mji uliowekwa wakfu tarehe 11 Mei 330, na nyuma Ushindi akikanyaga gubeti ya merikebu. Hata ikilika sana, umbo la mbwa mwitu hubaki kama kilima. Chini ya sanamu huwa na herufi chache za kutaja mji ilikopigwa: TR ni Trier, SIS ni Siscia, ANT ni Antiokia, ALE ni Iskanderia. Baada ya kufa Constantinus, mwaka 337, wanawe walipiga kishaba kumkumbuka. Yeye amefunikwa kichwa, na nyuma amepanda gari la farasi wanne, mkono ukishuka kutoka juu kumpokea. Watu wa miungu ya kale waliweza kuielewa sanamu hiyo, na Wakristo pia. Kisarafu hicho chaeleza kuhusu karne ile yenye dini mbili kuliko kurasa nyingi.

Tukija kwa Warumi wa mashariki, kazi ni nyepesi zaidi kwa mwenye mali kidogo, kwa sababu Kaisari Anastasius kuanzia mwaka 498 aliagiza shaba zitiwe herufi kubwa ya hesabu ya Kiyunani: M ni 40, K ni 20, I ni 10, E ni 5. Uso wa Kaisari waweza kufutika, lakini M ile huonekana hata kwa kupapasa. Justinianus akaongeza mwaka wa kutawala kwake, kuanzia mwaka wa 12, ndio 538 na 539. Hivyo sarafu iliyochakaa mara nyingine hutuambia mwaka wake, jambo ambalo nyingi nzuri za zamani zaidi haziwezi. Siku za Heraclius, shida ya vita ilipozidi, shaba kuukuu zilipigwa chapa mpya juu ya chapa ya kwanza, hata twaona mfalme mmoja akichungulia chini ya mwingine.

Waarabu walipoitwaa Shamu hawakuitupa M ile mara moja. Shaba zao za kwanza ziliiga za Kirumi, mpaka Khalifa Abd al-Malik, mnamo 696 na 697, alipoanza kutoa dinari za dhahabu zenye maneno matupu pasipo sanamu. Huko ndiko follis ilikokuwa fals, na wingi wake fulus, neno lililokuja pwani kwetu kwa merikebu.

Tena kuna zile zinazowapendeza sana watu wa kanisa. Tangu utawala wa Yohane Tzimiskes, 969 hata 976, na kwa muda wa miaka mia na zaidi, folisi nyingi za Constantinople hazikuwa na jina wala uso wa Kaisari. Upande mmoja ni Kristo ameshika Injili, na upande wa pili maneno ya kumkiri Yesu Kristo kuwa Mfalme wa wafalme. Hizi nazo, zikilika, hupatikana kwa bei ndogo. Zilinunua mikate na vitunguu sokoni kwa miaka mingi, na uso wa Bwana ukasagika mikononi mwa watu.

Sasa nitaje tahadhari. Ya kwanza ni jina. Denarius ya Kaisari Tiberio, yenye mwanamke ameketi nyuma, huuzwa kwa bei kubwa kwa kuwa huitwa fedha ya kodi, ile aliyoonyeshwa Bwana. Hakuna awezaye kuhakikisha kwamba ilikuwa ya chapa hiyo, na mwenye kununua hulipia sifa zaidi kuliko fedha. Afadhali mwalimu ajue hesabu: denarius moja ilikuwa assi kumi na sita, na kila assi ilikuwa kodrantes nne. Marko, akiisha kutaja lepta mbili za mjane, huzifafanua kwa sarafu ya Kirumi, kwamba ni kodrantes moja. Basi yule mama alitoa sehemu moja katika sitini na nne ya dinari, iliyokuwa ujira wa kutwa wa kibarua. Tena tazama, Marko mwenyewe alikuwa mfasiri wa fedha. Waliotuandikia senti walifanya kama alivyofanya yeye. Kosa ni letu, tukidhani kwamba senti ile ni hii ya kwetu, au kwamba dinari ile ya fedha ni dinari ya dhahabu ya Waarabu.

Ya pili ni mahali ilikotoka. Sarafu za kale zilizosemwa kupatikana Bur Gao, pwani ya kusini ya Somalia, katika mwaka wa 1913, zingaliweza kuwa ushuhuda mkubwa wa safari za watu wa Rumi katika pwani yetu. Lakini kupatikana kwake hakukuandikwa barabara, na wataalamu wameshindana juu yake hata leo. Sarafu iliyong'olewa mahali pake pasipo kuandikwa imekatwa ulimi. Kwa hiyo nchi nyingi, Uturuki na Misri miongoni mwao, zimekataza kuchimba na kuuza vitu vya kale, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ulitiwa sahihi ili kuzuia biashara ya vitu vilivyoibwa. Baada ya vita kuanza Shamu katika mwaka wa 2011, mahame mengi yalichimbuliwa na wezi. Mkristo asijenge darasa lake juu ya wizi. Anunue chache, kwa mtu awezaye kuonyesha hati za wenyeji wa kwanza; na asipopata hati, aache. Na mwanafunzi akiokota shaba ya masultani wa Kilwa ufukweni, isinunuliwe wala isifichwe, bali ipelekwe kwa wakuu wa mambo ya kale, kama sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inavyolinda vitu hivyo.

Ya tatu ni utunzaji. Usisugue kwa majivu na ndimu kama tusuguavyo sufuria. Utaondoa ngozi ya kijani au ya kahawia inayoilinda, pamoja na herufi za mwisho. Loweka katika maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, ukiyabadili mara kwa mara, kisha ikaushe vizuri. Ukiona unga wa kijani kibichi umetoka kama ukungu, hiyo ni maradhi ya shaba, nayo hupenda unyevu. Itenge na nyingine, uiweke pakavu. Ihifadhi katika bahasha ya karatasi, na juu yake uandike uzito, upana, uliinunua kwa nani na lini. Mwenye intaneti aweza kuzitafuta bure katika orodha ya sarafu za makaisari iliyotengenezwa na American Numismatic Society. Asiyekuwa na fedha kabisa aweke karatasi nyembamba juu ya sarafu ya rafiki yake, apake kwa penseli, naye atapata picha ya kutosha darasa zima.

Sarafu kumi zilizolika, zilizosomwa kwa uaminifu, zatosha kumfundisha mtu maisha yake yote. Kisarafu changu cha aibu ningali ninacho. Kile kikaratasi cha kwanza sikukitupa. Nimekiweka katika bahasha iyo hiyo, nyuma ya kile nilichoandika mwenyewe, ili atakayekipokea baada yangu asome vyote viwili.