Bipu moja, nimefika

Kuanzia mwaka 2003 mpaka 2009 nilikuwa na kibanda karibu na stendi ya Muheza. Nilikuwa nauza vocha, nachaji simu za watu na kupigisha simu kwa dakika. Kwa hiyo habari za kubipu sikusimuliwa. Nimewabipia watu kwa mkono wangu. Mteja anakuja na namba aliyoiandika kwenye kipande cha pakiti ya sigara: "Dada, mbipu huyu, ikiita mara moja tu kata." Nabonyeza, naweka simu sikioni, nasikia inaita, nakata. Kisha tunakaa wote wawili tunaangalia kioo. Kazi hiyo sikuitoza hela, maana aliyebipiwa akipiga, mteja alikaa kwenye benchi langu nusu saa, na akiondoka amenunua hata vocha ya 500.

Wazee wetu hawakubipu, na si kwamba hawakujua kubana matumizi. Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994, simu ya mezani haikuonyesha namba. Ukipiga ukakata, mwenzio alibaki na mlio usio na mwenyewe. Kubipu kulitaka vitu viwili: kioo kinachomtaja aliyepiga, na malipo yanayomwangukia mpigaji peke yake, tena simu ikipokelewa tu. Simu za mkononi zilikuja na vyote. Kule Marekani mpokeaji naye alikuwa akikatwa dakika zake, kwa hiyo hata ukimbipu mtu akupigie, bado unalipa. Hapakuwa na faida.

Huku kwetu faida ilionekana mara moja. Na kila mtu akawa mlinzi wa kidole chake: ukichelewa kukata, mwenzio akapokea, salio limekwenda. Wapo waliofanya mchezo wa kuivizia simu na kuipokea ilipolia tu. Kaka yangu alinifanyia hivyo siku niliyobakiwa na shilingi 80, na sikumsemesha mpaka jioni.

Salio lilikuwa kitu cha kushikika siku hizo. Vocha ilikuwa ya kukwangua, na watu walikwangua kwa sarafu, kwa ufunguo, kwa kucha. Ukikwangua kwa hasira, ile rangi ya fedha inaondoka na tarakimu zake. Mama mmoja muuza machungwa aliniletea vocha ambayo namba mbili za mwisho zilikuwa zimefutika. Tuliinyanyua juani, tukaigeuza huku na huku, tukaona kila moja imebakiza mkia wa kitu ambacho kingeweza kuwa 3 au 8. Tukajaribu, ikakataa. Tukajaribu tena, ikakataa. Niliogopa kuendelea, kwa sababu ukikosea mara nyingi laini hufungiwa usiingize vocha. Mara ya tatu ikakubali. Yule mama alipiga kigelegele pale pale, abiria wa basi la Tanga wakachungulia madirishani. Sijaona mtu akipigia kigelegele bando.

Kanuni za kubipu hazikuandikwa popote, lakini zilijulikana. Mwenye nacho ndiye anayepiga. Mwenye shida zake habipu, anapiga. Ukimbipu mtu unayemwomba kazi umejifukuzisha kabla hujaajiriwa. Kijana anayetongoza habipu kabisa, hata kama amelala njaa. Mtafiti Jonathan Donner aliyakuta mambo hayo hayo Rwanda alipozungumza na wafanyabiashara wadogo wa Kigali, na mwaka 2007 alichapisha makala nzima juu ya kanuni za kubipu. Ningeweza kumpa benchi pale kibandani.

Kampuni nazo ziliona. Afrika Kusini, mwaka 2000, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza uhasibu Vodacom, Nkosana Makate, alimpelekea bosi wake wazo: asiye na salio atume ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe. Mpenzi wake alikuwa mwanafunzi mbali naye, na hakuwa na salio. Huduma ikaanza mwaka 2001, ikapendwa mno, na Makate akadai chake kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Katiba ikamwamulia mwaka 2016 kwamba kampuni inabanwa na ahadi iliyompa. Nilifurahi kama vile niliyeshinda ni mimi. Jumbe za namna hiyo zilifika na huku, ila mama yangu hakuzitaka. Nilipomfundisha kutuma ujumbe huo aliusoma, akanirudishia simu. "Huu unaniombea nipigiwe," alisema. "Mimi siombi mwanangu, mimi najulisha."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo wengi hawalielewi wanapoita kubipu ubahili. Mama alikaa juu milimani Amani, ambako mtandao ulipatikana chini ya mfenesi mmoja tu, hatua kama hamsini kutoka mlangoni. Alikuwa na kitochi, ile Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 na tochi yake kichwani, na usiku aliiwasha kumulika njia ya kwenda mfenesini kutafuta mtandao. Tulikubaliana: bipu moja, nimefika salama. Mbili, nipigie ukipata nafasi. Tatu, kuna jambo, acha unachofanya. Kwa miaka yote ile, bipu tatu nilizipata mara moja tu, alfajiri, baba alipozidiwa. Nilikuwa nimeshavaa viatu kabla sijapiga.

Mwaka 2015 WhatsApp ikaanza kupigisha simu, na gharama zikahamia kwenye bando. Leo simu niliyoikosa haina maana yoyote. Huenda mtandao umekatika, huenda mtoto amekalia simu. Nashukuru kuona uso wa mjukuu aliyeko mbali, sitadanganya, na siku picha isipogandaganda nakaa naye hadi chaji iishe. Lakini naona uchovu wa kuulizana "ulinipigia?" "hapana, iligusika." Zamani mlio haukugusika.

Mjukuu wake mmoja amemnunulia mama simu ya kupangusa. Anapokea picha, anasikiliza mawaidha, kutuma hajui wala hataki. Ijumaa iliyopita alikuwa akirudi Amani baada ya kukaa kwangu wiki mbili. Saa kumi na mbili jioni simu yangu ikaita juu ya meza, jina lake likawaka kiooni. Binti yangu akanyoosha mkono haraka. Nikaushika.

"Usipokee," nikamwambia. "Ngoja."

Ikakata.

"Bibi amefika."