Kabla ya Kufufua Maneno ya Zamani: Somo la Mto Ruzizi



Katika vikao vyetu kuna maneno machache yanayoua mazungumzo haraka: "Hiyo maneno ilisha kwisha." Mtu ananyoosha mkono, anarudisha jambo lililozungumzwa miaka mitatu iliyopita, na mara moja wakubwa wanamwambia akae. Lakini kuna ugonjwa wa pili, kinyume cha huo. Mtu anaingia leo, hajauliza nani alisema nini, anafufua jambo lile lile kama vile yeye ndiye wa kwanza kuliona, na kikao kizima kinaanza tena toka mwanzo. Wote wawili wanatuchosha.

Je, maneno ya zamani yana ruhusa ya kufufuliwa? Na kama yanayo, kwa adabu gani? Mimi nataka tujibu kwa historia ya hapa kwetu, juu mjadala mmoja ulifungwa hapa hapa Uvira mwaka 1858, ukafufuliwa vibaya, kisha ukafufuliwa vizuri. Swali lenyewe lilikuwa dogo: Mto Ruzizi unaingia ziwani ao unatoka?

Sisi wa Uvira tunaweza kucheka. Hata mtoto wa Kavimvira anajua Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unashuka bondeni, unamwaga maji Tanganyika. Lakini wakati ule wakubwa wa jiografia kule London walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile. Kama Ruzizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini, basi Tanganyika inaweza kuwa mama wa Nile. Kama unaingia, haiwezi. Majina makubwa yalisimama juu ya mto huu wetu.

Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji Februari 1858. Mwezi wa tatu Speke alivuka ziwa kwenda kisiwa cha Kasenge, akaongea na mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyim. Akarudi na habari tamu: huko kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Wakakodi mitumbwi, wakapanda kaskazini, na tarehe 26 Aprili 1858 wakafika Uvira.

Hapa ndipo wenyeji wanaingia katika historia. Watoto wa mtawala wa Uvira, ambaye Burton anamwita Maruta, walikuja kuwasalimia wageni. Wakaulizwa juu ya mto. Wakajibu wote kwa sauti moja: Ruzizi unaingia, hautoki. Watu waliosimama pale wakakubali. Zaidi ya hapo, Sidi Mubarak Bombay, mtu wa safari ya Speke, akasema Speke alikuwa hakumwelewa Hamid. Mzee yule alisema mto unaingia. Na mwenzao mwingine, Sayfu, ambaye kule Ujiji alieleza mdomo wa mto kama mtu aliyeuona kwa macho, akakubali ati yeye hajawahi kupita Uvira.

Burton na Speke walitaka kwenda kuona wenyewe. Mdomo wa Ruzizi ulikuwa umbali wa saa chache tu kwa mtumbwi. Lakini watu wa Ujiji waliokuwa wanapiga kasia walikataa, waliogopa maadui wa mbele. Wageni wakakaa Uvira siku tisa, kisha wakageuza. Burton aliandika yote hayo katika kitabu chake cha 1860, pamoja na huzuni yake siku ile ya jibu. Kwa wakati ule, maneno yakaonekana yamefungwa.

Sasa tazama ufufuo wa kwanza. Baada ya Tanganyika, Speke aliona ziwa lingine, akaliita Victoria, akasema ndilo chanzo cha Nile. Burton hakukubali, na urafiki ukafa. Tarehe 16 Septemba 1864 walipaswa kukutana mjini Bath mbele ya wasomi, wajibizane uso kwa uso. Siku moja mbele, tarehe 15, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye mawindo. Haikupita miezi mitatu, Burton akarudisha swali la Ruzizi katika mikutano ya London. Mwaka huo huo akatoa kitabu pamoja na James M'Queen. Safari hii akasema Ruzizi unatoka, na maji ya Tanganyika yanaenda kaskazini.

Tuwe wa haki. Burton alikuwa na hoja: hakuna Mzungu aliyeuona mdomo ule, na ushahidi wa kusikia si sawa na wa kuona. Swali lilikuwa na haki ya kufunguliwa. Lakini alilifungua kwa kitu gani kipya? Hakurudi ziwani. Hakupata shahidi mwingine aliyefika kule. Ushahidi wa Uvira, ambao yeye mwenyewe aliuandika, aliuweka pembeni. Na yule aliyekuwa naye hapa, aliyeweza kusema "sivyo, kumbuka walituambia nini", alikuwa kaburini. Kwangu mimi huo ndio mfano wa kufufua maneno bila adabu. Kosa la Burton halikuwa kuuliza tena. Aliuliza tena kama vile watu wa Uvira hawakujibu.

Ufufuo wa pili ulikuwa tofauti. Novemba 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone kule Ujiji. Livingstone naye alikuwa anawaza ati ziwa linatoa maji kaskazini, na kama angetafuta ushindi tu, angebaki kuandika barua. Badala yake wakapanda mtumbwi mmoja, wakafuata ukingo mpaka kichwa cha ziwa, na mwisho wa mwezi ule ule wakaingia katika mdomo wa Ruzizi. Maji yalikuwa yanakuja mbele yao. Mto unaingia. Livingstone akaacha wazo lake la Ruzizi hapo hapo. Watoto wa Maruta walikuwa na haki tangu miaka 13 nyuma.

Kama historia ingeishia hapa, somo lingekuwa jepesi: wazee walisema, tuwasikilize, kwisha. Lakini ziwa letu halipendi masomo mepesi.

Kama Ruzizi unaingia, basi maji yanatokea wapi? Mei 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, akafika upande wa magharibi, karibu na Kalemie ya leo, akaona Lukuga umezibwa na majani, akasema hapa ndipo maji yanatoka. Stanley akarudi mwaka 1876, akatazama pale pale, akasema bado hautoki sawasawa, mchanga na majani vimeziba, lakini maji yakipanda utafunguka. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore akakuta Lukuga unatoka kwa nguvu kuelekea Mto Kongo. Watu watatu, mahali pamoja, majibu matatu ndani ya miaka mitano. Nani alidanganya? Hakuna. Ziwa lenyewe lilibadilika. Lilikuwa linapanda mwaka kwa mwaka, likasukuma kizuizi, na kisha likashuka karibu mita 10 kabla ya karne kuisha.

Kwa hiyo yule anayesema "ilisha kwisha" naye anaweza kukosea. Kuna maswali ambayo jibu lake halibadiliki, kama mwelekeo wa Ruzizi katika maisha yetu. Na kuna maswali ambayo jibu lake lina tarehe. Jibu la Cameron lilikuwa la 1874. Kulirudia 1879 bila kwenda kutazama kungekuwa uvivu, na kumcheka Cameron kungekuwa ujinga.

Mambo haya yanatugusa. Ziwa hupoteza maji yake mengi kwa jua, na Lukuga hubeba sehemu ndogo. Ndiyo maana mvua nyingi za miaka michache zinatosha kulipandisha. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 ziwa lilipanda mpaka kufika kilele mwaka 1964. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka ule kwa vita ya Mulele, wakati waasi waliingia Uvira. Nadhani ndiyo maana habari ya maji ilifunikwa na habari ya bunduki.

Nilipokuwa mtoto, jamaa yetu ilitaka kununua parseli karibu na ziwa. Baba mkubwa alisema katika kikao cha jamaa: "Pale maji yalifika wakati nilikuwa kijana." Muuzaji akacheka, akasema hayo ni maneno ya zamani. Wajomba nao wakacheka. Mwaka 2021 ziwa likapanda, likaingia mpaka ndani ya nyumba. 2024 likarudi tena. Tuliokuwa na parseli pale tulihama na magodoro kichwani, sawa na jirani zetu wa Kavimvira na Kalundu, sawa na watu wa Gatumba ng'ambo ya mpaka. Na leo, maji yakishuka kidogo, watu wanaanza kupima parseli tena pale pale. Hayo ndiyo maneno ya zamani ninayotaka tuyafufue katika kikao chetu kijacho: je, sisi wenye elimu tutasema nini juu ya kujenga ukingoni?

Lakini tuyafufue kwa adabu. Napendekeza hivi.

Kwanza, atakayefungua aanze kwa kusoma yaliyosemwa, na ayaseme kwa haki, pamoja na yale yasiyomsaidia. Tuko na wazee walioona 1964. Tuko na CRH, kituo cha utafiti wa maji hapa hapa Uvira. Tusiongee kama watu wa kwanza duniani.

Pili, alete kitu kipya: kipimo, shahidi, picha, ao basi mabadiliko ya mambo yenyewe. Wanafunzi wa sheria wanajua, kesi iliyokatwa haifunguliwi kwa sababu aliyeshindwa bado ana hasira.

Tatu, asichanganye maswali. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika na kuua makumi ya watu. Maji yale yalitoka mlimani kwa usiku mmoja. Maji ya 2021 na 2024 yalitoka ziwani, polepole, yakakaa miezi. Dawa ya moja si dawa ya lingine.

Nne, mwenye maneno ya kwanza aitwe. Kama aliyetoa hoja zamani bado yuko hai, apewe nafasi ya kujibu. Kama amekufa, mtu mmoja asimame kusema kwa ajili yake.

Na nyinyi mnaosikiliza, msimkalishe mtu kabla hamjauliza: "Umeleta nini kipya?" Akiwa na jibu, mwacheni aongee. Akikosa, mumwonyeshe kwa upole maneno yaliyosemwa, akasome, arudi.

Kabla ya kikao, kila mmoja wetu aende kwa mzee mmoja wa mtaa wake, amuulize jambo moja: mwaka 1964 maji yalifika wapi? Aweke alama, apige picha, aandike jina la avenue. Tukija na alama hamsini, hatutaanza toka mwanzo.

Nasubiri majibu yenu.