Korti ya Kapenguria na Suali la Mpaka

Kama wewe ni wa Lodwar au Kakuma, bila shaka umeshachoka kuambiwa kwamba Mzee Kenyatta alifungwa huku kwetu. Sawa. Lakini je, umewahi kujiuliza korti iliyomleta huku ilikuwa ya wapi, na eneo lake liliishia wapi? Suali hilo dogo lilikaribia kuivunja kesi nzima.

Kwanza tujue hali ya Turkana. Mpaka 1926 nchi hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda, ndani ya Jimbo la Rudolf, kisha ikahamishiwa Kenya. Chini ya sheria ya 1902 na ile ya 1934 zilizohusu wilaya za pembeni, huku kulikuwa kumefungwa. Mgeni haingii bila kibali. Na DC ndiye mtawala, ndiye hakimu. Sasa ukidhulumiwa na DC, unamshtaki kwa nani?

Basi usiku wa Oktoba 20, 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, Kenyatta alikamatwa akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa. Kumhukumu Nairobi waliogopa, watu wangejaa. Wakachagua Kapenguria: hakuna reli, hakuna hoteli, na kuingia ni kwa kibali. Wakamleta pale, wakamkamata upya papo hapo ili ionekane ni mshitakiwa wa korti ile. Angalia ujanja huo! Korti yenyewe ilikuwa darasa la shule. Mawakili wakilala Kitale, na kila asubuhi safari ya kama kilomita 40.

Washitakiwa walikuwa sita: Kenyatta, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko. Wakili mkuu wao alikuwa D.N. Pritt kutoka Uingereza. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha staafu, na baadaye ilijulikana kwamba serikali ilimpa pauni 20,000. Aprili 8, 1953 akawahukumu miaka saba na kazi ngumu.

Hapo ndipo suali letu linapoingia. Mawakili walichungua karatasi za uteuzi wa Thacker wakaona ameteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini. Kapenguria je? Iko Jimbo la Bonde la Ufa! Yaani serikali, yenye polisi, ndege na pesa zote zile, ilisahau kutazama ramani yake yenyewe. Julai 1953 Mahakama Kuu ikakubali kwamba hakimu hakuwa na mamlaka, kesi ikawa batili. Lakini usifurahi mapema. Haikupita miezi mingi Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaupindua uamuzi huo, na wafungwa hawakuonja uhuru hata siku moja. Oneko alishinda rufaa yake 1954, akawekwa kizuizini vilevile. Na shahidi mkubwa, Rawson Macharia, mwaka 1958 aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Aliyefungwa kwa kiapo hicho ni yeye mwenyewe.

Kenyatta alimaliza kifungo Lokitaung Aprili 1959, lakini hakwenda kwao. Alihamishiwa Lodwar, nje ya jela lakini haruhusiwi kuondoka, mpaka 1961 alipopelekwa Maralal, na Agosti mwaka huohuo akafika Gatundu.

La kushangaza ni kwamba sheria zile za wilaya zilizofungwa hazikufa na mkoloni. Kenya huru ilikaa nazo mpaka 1997. Na kambi ya Kakuma ilipofunguliwa 1992, kwa miaka mingi hakimu alitoka Lodwar, kiasi cha kilomita 120, kuja kusikiliza kesi na kurudi. Asipokuja, mshitakiwa anangoja. Siku hizi Lodwar ina Mahakama Kuu, na Kakuma ina korti yake. Kibali cha kuingia Turkana hakuna anayekuuliza tena. Cha kutoka kambini, hicho mwulize jirani yako mkimbizi ni mara ngapi amekipangia foleni.